Nadharia Ilizaliwa Wapi? Historia ya Nadharia za Mifumo ya Habari na Maduka ya Ndeeba

Utangulizi

Mwanafunzi wa informatiki ya biashara anapofika mwaka wa mwisho huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: utafiti wako unaongozwa na nadharia gani? Wengi wetu huwa na jibu tayari hata kabla hatujajua tunachotaka kutafiti. Tunasema ni Nadharia ya Kukubali Teknolojia ya Fred Davis. Tunaiandika katika sura ya pili, tunachora visanduku vyake na mishale yake, kisha tunaendelea na safari.

Mimi pia nilijibu hivyo. Nilitaka kuchunguza jinsi wauzaji wa mbao wa Ndeeba, hapa kwetu Lubaga, wanavyotumia EFRIS, yaani mfumo wa risiti na ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Nilichukua maswali ya Davis, nikaondoa jina la programu ya zamani, nikaandika EFRIS mahali pake, nikaenda kuyajaribu. Mama mmoja anayeuza mbao alinisikiliza kwa subira mpaka nilipofika kwenye sentensi iliyomtaka aseme kwa kiwango gani anakusudia kuutumia mfumo huo. Akacheka. "Mwanangu," aliniambia kwa Kiganda, "nani kakuambia mimi nilikusudia? Andika kwamba niliambiwa." Dodoso langu halikuwa na nafasi ya jibu hilo. Lilikuwa na namba 1 hadi 7 tu.

Insha hii inajaribu kueleza kwa nini nafasi hiyo haikuwepo. Hoja yangu ni kwamba kila nadharia tunayoifundishwa ilianza kama jibu la swali la watu fulani, mahali fulani, wakati fulani. Mwanafunzi asiyejua swali hilo hawezi kujua kama nadharia inafaa mahali anapoipeleka. Kwa hiyo historia ya nadharia ni sehemu ya nadharia yenyewe, na kuiacha ni kosa la kitaaluma.

Kutoka shamba la mahindi hadi ofisi ya Toronto

Historia hii haianzi na kompyuta. Inaanza na mahindi. Mwaka 1943, watafiti wawili wa Marekani, Bryce Ryan na Neal Gross, walichapisha uchunguzi wao kuhusu wakulima wa jimbo la Iowa na mbegu chotara za mahindi. Walitaka kujua kwa nini wakulima wengine waliichukua mbegu mapema na wengine wakachelewa miaka mingi, ingawa wote waliona mavuno ya jirani zao. Everett Rogers, aliyekulia katika shamba la Iowa, aliuendeleza mjadala huo katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu usambaaji wa uvumbuzi. Alieleza kwamba watu huchukua kitu kipya kulingana na faida yake kuliko cha zamani, jinsi kinavyolingana na maisha yao, ugumu wake, uwezekano wa kukijaribu kwanza, na uwezekano wa kuona matokeo yake kwa wengine.

Msingi wa pili ulitoka katika saikolojia. Mwaka 1975 Martin Fishbein na Icek Ajzen walitoa kitabu kilichoeleza kwamba tendo la mtu hutanguliwa na kusudio, na kusudio hutokana na mtazamo wake pamoja na anavyodhani watu muhimu kwake wanataka afanye nini. Ajzen mwenyewe baadaye aliona pengo. Kuna mambo mtu anakusudia kuyafanya lakini hana uwezo nayo. Kwa sababu hiyo aliongeza kigezo cha udhibiti, na makala yake inayotajwa zaidi kuhusu jambo hilo ilitoka mwaka 1991.

Davis alisimama juu ya msingi huo wa saikolojia. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT, na tasnifu yake ya mwaka 1986 ilichunguza kwa nini wafanyakazi wanaopewa programu nzuri ya kompyuta huiacha bila kuitumia. Makala yake maarufu ilitoka mwaka 1989 katika jarida la MIS Quarterly. Ndani yake alipima mambo mawili: manufaa, yaani mtu anavyoamini kwamba mfumo utaboresha kazi yake, na urahisi, yaani anavyoamini kwamba kuutumia hakutamchosha. Alipata kwamba manufaa yana nguvu kuliko urahisi. Mtu huvumilia programu ngumu ikiwa inamsaidia, lakini urahisi peke yake haumfanyi atumie kitu kisichomfaa.

Ni vizuri tujue waliohojiwa walikuwa nani. Jumla yao ilikuwa watu 152 na programu 4. Kundi la kwanza lilikuwa watumiaji 112 katika maabara ya IBM mjini Toronto, Kanada, waliokuwa na mfumo wa barua pepe na programu ya kuhariri mafaili. Kundi la pili lilikuwa wanafunzi 40 wa shahada ya uzamili ya biashara katika Chuo Kikuu cha Boston, walioonyeshwa programu mbili za michoro. Hawa wote walikuwa na mshahara au masomo yao, umeme, mashine mezani, na uhuru wa kuiacha programu wakirudia njia ya zamani. Swali la Davis lilikuwa zuri kwa watu hao. Mtu mwenye hiari huamuaje?

Kwa nini nadharia hii ilisafiri sana

Nadharia hii ilisafiri kwa sababu ni fupi na inapimika. Davis alitoa maswali sita kwa kila kigezo, yaliyokwisha kujaribiwa, na mtafiti yeyote angeweza kubadilisha jina la programu na kuendelea. Kwetu Uganda masomo ya kompyuta katika ngazi ya chuo kikuu yalikuwa yanaanza kujengwa wakati huohuo. Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta ya Makerere ilianzishwa mwaka 1985, na kitivo kamili kikafuata mwaka 2005. Fani ilipopanuka na wanafunzi wakaongezeka, nadharia yenye dodoso tayari ilikuwa msaada mkubwa kwa mwanafunzi mwenye muhula mmoja na msimamizi mmoja anayesimamia wengi.

Silaumu msaada huo. Lakini ulituzoesha kuchukua nadharia kama fomu ya kujaza. Shirley Gregor, katika makala yake ya mwaka 2006, alionyesha kwamba nadharia katika fani yetu zina kazi tano tofauti: kuainisha, kueleza, kutabiri, kueleza na kutabiri kwa pamoja, na kuongoza usanifu. Watafiti wa nchi zinazozungumza Kijerumani, ambako informatiki ya biashara ilikua kama fani inayojitegemea, walitoa ilani mwaka 2010 wakitetea utafiti wa kusanifu na kujenga mifumo, pasipo kuishia katika kupima mitazamo ya watumiaji. Miaka sita kabla yake, Alan Hevner na wenzake walikuwa wametoa hoja ya namna hiyo huko Marekani. Maana yake kwetu ni kwamba kabla ya kuuliza nadharia ipi, tuulize tunataka itufanyie kazi gani.

Hata wenyeji wa nadharia ya Davis walianza kuitilia shaka. Mwaka 2007 Richard Bagozzi, aliyekuwa ameandika pamoja na Davis mwaka 1989, alichapisha makala akisema kwamba wepesi wa nadharia hiyo umekuwa pia udhaifu wake. Katika toleo hilohilo la jarida, Izak Benbasat na Henri Barki walilalamika kwamba watafiti wamerudia kuthibitisha kwamba manufaa ni muhimu bila kueleza manufaa hayo yanatengenezwaje. Tukumbuke swali hilo, kwa sababu tutalikuta tena Ndeeba.

Jaribio la kwanza: pesa za simu

Mwaka huohuo wa 2007, mwezi Machi, Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya. MTN ikaleta pesa za simu Uganda mwaka 2009. Hapa nadharia ya Davis ilifanya kazi yake vizuri. Hakuna aliyelazimishwa kutuma pesa kwa simu. Mtu wa Nateete aliyekuwa akimpa dereva wa basi bahasha ya kumpelekea mama yake kijijini aliona kwamba simu inafika haraka na haipotei njiani. Manufaa yalionekana, na urahisi ulisaidiwa na wakala aliyekaa kwenye kibanda akimfundisha mteja hatua kwa hatua. Rogers pia angeridhika: mtu aliweza kujaribu kwa shilingi chache, na jirani yake aliona matokeo.

Lakini tarehe 1 Julai 2018 jambo lilibadilika. Serikali ilianza kutoza kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu, pamoja na shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Benki Kuu ya Uganda iliripoti kwamba thamani ya miamala ilishuka. Kabla mwaka haujaisha, Bunge lilikuwa limeipunguza kodi hiyo hadi asilimia 0.5 na kuiacha kwenye kutoa pesa tu.

Tuipitie siku hiyo kwa visanduku vya Davis. Kati ya tarehe 30 Juni na 1 Julai, urahisi wa mfumo haukubadilika hata kidogo. Menyu zilikuwa zilezile, namba ya siri ileile, wakala yuleyule. Kasi ya kufikisha pesa haikubadilika pia. Kilichobadilika ni gharama, na gharama haina kisanduku katika nadharia ya mwaka 1989. Sababu yake ni ya kihistoria: mfanyakazi wa Toronto hakulipia barua pepe ya ofisi, mwajiri ndiye aliyelipa. Bei iliingia katika ukoo huu wa nadharia mwaka 2012, pale Viswanath Venkatesh na wenzake walipohama kutoka kwa wafanyakazi na kuwachunguza walaji wa intaneti ya simu huko Hong Kong. Waliobadilika ni watu waliohojiwa, ndipo kigezo kipya kikaonekana.

Jaribio la pili: mfumo usio wa hiari

EFRIS ilianza kutumika Januari 2021. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, anatakiwa kutoa risiti au ankara ya kielektroniki kwa kila mauzo. Anaweza kuitoa kwa tovuti, kwa mashine maalumu, au kwa kuunganisha programu ya duka lake na mfumo wa Mamlaka. Asipofanya hivyo hutozwa faini. Aprili 2024 wafanyabiashara wa katikati ya Kampala walifunga maduka yao kwa siku kadhaa wakilalamikia mfumo huu na kodi nyingine, mpaka Rais akakutana nao.

Mtafiti anayekwenda katika hali hiyo na dodoso la kusudio atapata namba, lakini namba hizo zitakuwa na maana gani? Mtu anaweza kuweka 7 kwenye kusudio la kutumia na 1 kwenye manufaa. Nadharia ingesema jibu hilo si la kawaida. Muuza mbao angesema ni la kawaida kabisa, kwani anaogopa faini.

Na kulazimishwa kuingia katika daftari la serikali si jambo geni katika kitongoji chetu. Mengo, ndani ya Lubaga hiihii, ndipo ulipotiwa saini Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900. Mkataba huo uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba. Ili kutoza ilibidi kuhesabu, na nyumba ilihesabiwa bila kuuliza kama mwenyewe amekubali kuhesabiwa. Sisemi kwamba EFRIS ni kodi ya nyumba. Serikali ya leo imechaguliwa na kodi hujenga barabara tunazopita. Ninachosema ni kwamba uhusiano wa mtu na mfumo wa kumbukumbu za kodi una historia ndefu, na katika historia hiyo hiari haikuwa mlango wa kuingilia.

Je, fani yetu haina nadharia za hali hiyo? Inazo, na baadhi ni za zamani kuliko Davis. Rogers alitofautisha uamuzi wa mtu binafsi, uamuzi wa pamoja, na uamuzi unaotolewa na wenye mamlaka. Sisi tumemsoma upande wa kwanza tu. Mwaka 1983 Paul DiMaggio na Walter Powell walieleza kwamba mashirika huja kufanana kwa sababu tatu: kushurutishwa, kuigana, na kanuni za wanataaluma. Nadharia hiyo inaeleza maduka ya Kampala, na inaeleza pia serikali zenyewe. Tanzania ilianza kutumia mashine za kielektroniki za kodi mwaka 2010, Rwanda mwaka 2013, sisi mwaka 2021, na Kenya ikaleta mfumo wake wa eTIMS mwaka 2023. Tanzania nako kulikuwa na migomo ya wafanyabiashara juu ya mashine hizo miaka mingi kabla ya yetu. Mwanafunzi anayelinganisha nchi hizi nne ana swali kubwa kuliko lile la mtazamo wa mtu mmoja.

Venkatesh na wenzake pia waliligusa jambo hili mwaka 2003, walipounganisha mifano minane kuwa nadharia moja. Walichunguza sehemu ambako mfumo ulikuwa wa hiari na sehemu ambako ulikuwa wa lazima, wakaona kwamba shinikizo la watu wengine lina uzito pale penye lazima. Hata hivyo, lazima ya ofisini si sawa na lazima ya dukani. Mfanyakazi anayelazimishwa na bosi wake hupewa kompyuta, mafunzo na mshahara wake mwisho wa mwezi. Mwenye duka hujinunulia simu, data na muda.

Manufaa yanatengenezwaje?

Sasa turudi kwenye swali la Benbasat na Barki. Inawezekana mtu akanipinga hapa kwa kusema: hata mfumo wa lazima unaweza kuwa na manufaa, kwa hiyo Davis bado anatosha. Pingamizi hilo lina uzito. Muuza mbao aliyesajiliwa anaruhusiwa kudai kodi aliyolipa aliponunua bidhaa, mradi ana ankara ya kielektroniki ya manunuzi hayo. Hayo ni manufaa ya fedha, yanayoonekana.

Lakini tazama manufaa hayo yanatoka wapi. Mbao zinaposhushwa kutoka kwa lori la mtu asiyesajiliwa, hakuna ankara. Bila ankara hakuna cha kudai. Mwenye duka atabeba asilimia 18 ya bei yote ya kuuzia, au ataiongeza kwenye bei, na mteja atavuka barabara kwenda kwa muuzaji asiyetoa risiti. Hali ikiwa hivyo, manufaa ya EFRIS kwa duka moja hayakai ndani ya simu wala kichwani mwa mwenye duka. Yanategemea msururu mzima wa watu nyuma yake na jirani aliye upande wa pili wa barabara. Davis aliuliza mtu mmoja mmoja kwa sababu programu ya kuhariri mafaili ilimfaa au haikumfaa mtu mmoja. Risiti ya kodi haiko hivyo. Kipimo sahihi ni msururu wa biashara, na mtafiti anayehoji wenye maduka peke yao ataandika kwamba "hawana mtazamo chanya", halafu atapendekeza semina za kuwaelimisha. Huo ndio uzito wa jambo hili. Nadharia isiyofaa huzaa pendekezo lisilofaa, na pendekezo hilo humwangukia mtu ambaye tatizo si elimu yake.

Richard Heeks, katika makala yake ya mwaka 2002 kuhusu mifumo ya habari katika nchi zinazoendelea, alitoa njia nyingine: kupima umbali kati ya usanifu wa mfumo na hali halisi ya mahali unapotumika, kwa kuangalia taarifa, teknolojia, taratibu za kazi, malengo, watu na ujuzi wao, uongozi, na rasilimali kama muda na fedha. Ukiipeleka Ndeeba, unaanza kuona: usanifu unadhani kila bidhaa ina chanzo chenye karatasi, hali halisi ni lori lililofika usiku na malipo ya taslimu. Umbali huo unaweza kuandikwa, na mbunifu wa mfumo anaweza kuufanyia kazi.

Hitimisho

Wapo wenzetu wanaosema dawa ni kuziacha nadharia za Marekani na kuandika zetu. Natamani siku hiyo ifike, lakini haitafika kwa kutupa za wenzetu kabla ya kuzielewa. Davis alifanikiwa kwa sababu aliwatazama kwa makini watu waliokuwa mbele yake. Anayetaka kumwiga na aanzie hapo.

Kwa hiyo ninawapendekezea wenzangu maswali matatu kabla ya kuandika sura ya pili. Kwanza, nadharia hii ilitokana na watu gani, na walikuwa na uhuru gani? Pili, nani alilipia gharama ya mfumo huo, na nani anailipia hapa? Tatu, je, tendo ninalolichunguza ni la mtu mmoja, au ni la watu wengi wanaotegemeana? Majibu yanaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja, na yakionyesha kwamba Davis anafaa, kama katika pesa za simu za mwaka 2009, basi tumtumie bila aibu.

Mimi nimelibadilisha pendekezo langu la utafiti. Muuza mbao yule bado sijarudi kwake. Nitakaporudi nitaweka namba 1 hadi 7 pembeni kwanza, nimwulize: Mama, mbao hizi ulizinunua kwa nani, na alikupa karatasi gani?